Malaika alirudi mara ya pili

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Eliya ametoka Karmeli na ushindi, amekimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Yezebeli akaapa kumuua, na mara tunamkuta chini ya mretemu, mti wa jangwani, anaomba afe. Hatusemi nabii alikuwa na bipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hali ya moyo; Maandiko hayajasema hivyo. Tutazame tu alivyohudumiwa. Hakukemewa. Alilala, akala, akanywa maji, akalala tena. Kisha malaika akarudi mara ya pili na chakula, maana safari ilikuwa kubwa.

Mwenye bipola hupanda na kushuka. Akipanda, wiki nzima au zaidi analala saa mbili tatu na hachoki, anaongea bila kituo, anamwaga akiba yote kwenye sadaka au biashara nne kwa mpigo. Akishuka ni sonona, wiki mbili au zaidi, hata kuoga kunamshinda. Sisi kanisani kupanda tunakuita upako, kushuka tunakuita pepo, na hospitali tunaikumbuka mwisho.

Dawa ya lithiamu inajulikana kwa ugonjwa huu tangu 1949, John Cade wa Australia alipoandika habari zake. Dozi yake huongozwa na kipimo cha damu. Mgonjwa akimeza saa 3 usiku, damu ichukuliwe saa 3 asubuhi, kabla ya kidonge kingine. Kwa wengi hulengwa kiwango cha lithiamu cha milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Hupimwa takriban wiki moja baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi, halafu kila miezi 3 mwaka wa kwanza. Figo na tezi ya shingo kila miezi 6. Daktari anaweza kuchagua dawa nyingine, kama valproeti au kabamazepini. Valproeti haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba, kwani huharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Kabamazepini hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango.

Sasa joto letu la Dar, na mifungo yetu. Lithiamu hutolewa na figo. Mwili ukikosa maji au chumvi, figo huirudisha kwenye damu, na dawa inageuka sumu. Kwa hiyo anayeimeza asifunge bila maji, hata kama kanisa zima limo kwenye siku 21. Akiumwa mgongo asinunue diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa, maana nazo hupandisha lithiamu, parasetamoli inamtosha. Mikono ikitetemeka sana, akatapika, akahara, akayumba au ulimi ukawa mzito, asimeze dozi inayofuata, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mkesha nao tuuangalie. Usiku mmoja bila usingizi unaweza kumpandisha mwenye bipola. Kiongozi wa maombi asimpe zamu ya Ijumaa usiku. Ampe ya asubuhi, kimyakimya, bila kumtangaza.

Halafu kuna ule ushuhuda tunaoupigia makofi: "Nimepona, dawa nimetupa." Mara nyingi ametulia kwa sababu anazimeza. Lithiamu ikikatwa ghafla, ugonjwa huweza kurudi ndani ya miezi michache, tena kwa kishindo. Daktari akiamua kuiondoa, huipunguza kidogokidogo kwa wiki 4 au zaidi, ikiwezekana miezi 3.

Huduma ya afya ya akili ipo Muhimbili, na hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala ni mahali pa kuanzia. Wiki hii, kila kikundi cha nyumbani kichague mtu wa kumsindikiza mpendwa kliniki: anayejua tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, anayeuliza vidonge vimebaki vingapi kabla havijaisha, na mwenye nauli ya daladala ya wawili. Mpendwa akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata dakika moja. Dawa zishikwe na ndugu, naye apelekwe chumba cha dharura usiku huohuo. Maombi yatafanyika njiani.