Una mwandiko mzuri, mwanangu

Kaka kaoa Jumamosi, Bibi karudi kutoka hospitali Muheza Jumatatu, mvua imeingia mpaka chumba cha uani, na mie wiki nzima nawaza maneno ya yule mama wa mapokezi.

Nilipeleka fomu yangu ya kuomba kazi, ya ukarani wa stoo. Bahasha ya kaki, nakala za vyeti zenye muhuri wa wakili, picha mbili za pasipoti ambazo nimetoka kama niliyeitwa polisi. Nikamwamkia, akaitikia, akaichomoa fomu na kuanza kuipitia bila haraka. Miwani yake ina kamba ya shanga shingoni. Alipofika ukurasa wa tatu akaivua, akanitazama.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu."

"Ahsante, mama."

"Bosi wetu atafurahi. Leja zetu bado za mkono, na aliyeondoka saba yake ilikuwa inasomeka moja. Tulihesabu mifuko mpaka usiku."

"Ahsante. Shikamoo."

Shikamoo ya pili hiyo, nikiwa natoka! Akaitikia vilevile, mtu mzima wa watu: "Marahaba."

Wanaonijua wameshaanza kucheka. Mwandiko ule ni wa Zuhura, mdogo wangu. Wangu tangu darasa la tatu unaitwa kuku kapita.

Na juu ya fomu pameandikwa kwa wino mzito: ijazwe kwa mkono wa mwombaji, kwa kalamu nyeusi. Wallahi nilianza mwenyewe. Nilitoa kopi mbili za kujaribia kwanza, maana nilishajifunza kwa ile ya mwaka juzi niliyoimwagia chai. Kopi ya kwanza ikafia kwenye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba ina tarakimu 20, wao wameweka visanduku 18, nikazibana mbili za mwisho pembeni zikawa kama abiria wanaoning'inia mlangoni. Ya pili ikafia kwenye "Sababu ya kuacha kazi ya mwisho". Nikaandika ukweli, nikaukata. Nikaandika natafuta changamoto mpya, nikakata na hiyo, kwa aibu. Zuhura alikuwa pembeni anakula muhogo. Akajifuta mikono kwenye kanga ya Mama, akanipokonya kalamu.

"Dada, utatutia hasara. Wewe soma, mie niandike."

Basi nikawa nasoma, anaandika. Saini tu ndiyo yangu, na imekaa chini ya mstari unaosema nathibitisha kuwa maelezo haya nimeyajaza mwenyewe.

Kila nikilala narudi pale dirishani. Ningesema nini? "Ni wa mdogo wangu, mama"? Fomu ingeishia kufungia karanga. Ningekaa kimya, nikatabasamu? Kimya kingekuwa na nafuu. Ile "ahsante" ndiyo inayoniuma, maana anayeshukuru ni mwenye mali.

Halafu nikishamaliza kujilaumu naanza kumlaumu yule mama. Kurasa nne! Stashahada ya ununuzi na ugavi imo, miaka miwili ya duka la vifaa vya ujenzi imo, ambako sikuwahi kupoteza hata kilo ya misumari. Wadhamini watatu wamo, na mmoja nilimfuata mpaka Pongwe kwa baiskeli kuomba ruhusa ya kutumia jina lake. Yote hayo kayapita, jicho likatua kwenye mikia ya herufi za mtoto wa kidato cha tatu. Kwenye Portal ya Ajira, ile ya serikali mtandaoni, angalau hili halipo. Kule sote tunachapa, sote tuna herufi za aina moja, na sote "tunaweza kufanya kazi chini ya shinikizo" na "tunapenda kusoma na kubadilishana mawazo". Nimeshaomba kule mara nne, na hakuna aliyenisifia chochote.

Jana usiku nikashindwa, nikamwambia Zuhura. Nilidhani atacheka. Akaacha kuosha vyombo.

"Kasema hivyo? Kwa maneno yake?"

"Kwa maneno yake."

"Na saba zangu kaziona?"

Ilibidi nimsimulie mara tatu, na miwani, na kamba ya shanga. Huyu mtoto shuleni wanamjua kwa kuchelewa na kwa hesabu kumshinda, sijui kama kuna mtu aliwahi kumwambia kitu chake ni kizuri. Alikwenda kulala anajichekea. Mie nikabaki na sufuria zake zenye ukoko, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikaziosha bila kunung'unika.

Leo kaniletea kauntabuku lake la zamani. Kasema wakiniita usaili wa kuandika nitaumbuka, kwa hiyo tunaanza sasa. Kanipa mistari ya saba, halafu mistari ya moja, kila saba na kijistari chake katikati. Kalamu nyekundu kaishika yeye. Nimepata nne kwa kumi, na pembeni kaandika: unakimbilia wapi? Ukurasa wa pili nimepata sita. Mkono unauma kama nimetwanga kisamvu, ila nikiinamisha daftari kidogo kwenye taa, kuna saba moja pale mstari wa tano ambayo hata yule mama angevua miwani.

Tungeendelea, ila Mama kaniita nimgeuze Bibi. Anakula vizuri, dawa anameza, wageni anawatambua. Lakini kijaluba chake cha tambuu kiko pale pale kichwani pa kitanda nilipokiweka Jumatatu, na mpaka leo hajakiulizia.