Mtoto mwenye usonji shuleni: barua, kadi na kengele ya rimu

Ukiwa na mtoto mwenye usonji (autism) hapa Mtwara mjini, kila jirani ni mtaalamu. Huyu anakwambia mpeleke Dar, yule anakwambia mtafute mjomba mwenye sauti akamfokee mwalimu mkuu. Dada anayetutetea shuleni na kutuelekeza nyumbani alipolisikia hilo la mjomba alicheka. "Mama, mjomba akishafoka anarudi kwake. Mtoto anabaki na mwalimu."

Silaha yake ni barua. Iwe fupi, ombi moja, nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa ukiwa umesimama hapohapo. Sisi tuliomba kikao cha kumwandalia mtoto mpango wake wa kujifunza, tukapeleka nakala kwa afisa elimu kata na kwa anayeshughulikia elimu maalumu halmashauri. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kinachohusu haki ya elimu, tulikitaja mstari mmoja, bila vitisho. Ripoti ya daktari peleka fotokopi. Yenyewe usiitoe mkononi. Na masikio yapimwe mapema, maana mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii.

Nyumbani kazi ilikuwa kadi za picha. Kuna aliyetushauri tuchore shughuli zote za siku kwenye manila moja tuibandike ukutani. Haikufaa hata kidogo: mtoto aliona picha ya chakula cha mchana tangu asubuhi, akaing'ang'ania, kuvaa sare ikawa vita. Dada aliikatakata ile manila. Tukaanza na kadi mbili tu, "kwanza" na "kisha": kwanza sare, kisha chai. Kazi ikiisha, mtoto mwenyewe anaibandua kadi na kuitia kwenye kopo. Hilo kopo usilidharau, ndilo linalomwonesha kwamba jambo limekwisha. Alipozoea tukaongeza ya tatu. Kwa unyevunyevu wa pwani manila hujikunja, kwa hiyo funika kadi yote kwa selotepu pana, pande zote mbili. Kubandikia, nenda kwa fundi cherehani umwombe ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto. Nusu mita inatosha, na bei yake haiumi. Nauli za bajaji ndizo zilizotukamua.

Ila ujanja wenyewe ulikuwa kwenye daftari. Shule ilisema mtoto "mtukutu, anakimbia darasani". Dada akampa mwalimu daftari lenye safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Maneno kama "mkorofi" marufuku, andika kinachoonekana tu. Wiki mbili hazijaisha, safu ya pili ikawa inajirudia: kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, karibu na dirisha la darasa lao, nayo inagongwa kwa chuma. Mtoto alikuwa anaikimbia sauti. Tulianza kwa kuhamisha dawati upande wa pili. Nafuu ikawa ndogo. Ndipo dada akamwomba mwalimu wa zamu mtoto awe mgonga kengele, akioneshwa kwanza kadi ya kengele. Mwalimu aliguna, akakubali. Sauti unayoijua inakuja, tena ukiipiga kwa mkono wako, haikurushi roho. Sasa anagonga, anarudi kukaa. Shida ni siku akigonga mwingine bila kumwonesha kadi. Hapo mbio ziko palepale, kwa hiyo hata mwalimu mgeni lazima aambiwe.

Mitihani nayo anza mapema. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini shule iwe imemtambulisha hivyo wakati wa usajili, na mwalimu mwenye majina mia mezani anaweza kupitiwa. Wangu yuko darasa la tatu, na barua ya upimaji wa darasa la nne imeshagongwa muhuri.