Maombi ya cheti cha dogo yaligoma, nikayatatua hivi

Jamani wiki nzima nimehangaika na maombi ya cheti cha kuzaliwa cha dogo mtandaoni, kila nikiaplodi tangazo la kizazi (ile karatasi ya kuonyesha mtoto kazaliwa) linagoma, nikajua ni bando kumbe picha niliyopiga na simu ilikuwa MB 6. Nikaskani upya kwa programu ya simu, nikaitoa PDF ya nyeusi na nyeupe ikashuka mpaka KB 300, ikapita fasta.

Ngoma ya pili kontroo namba, ile namba ya kulipia ada yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, nikachelewa kulipa ikaekspaya (uzembe wangu huo). Nikataka nijaze fomu upya, bahati nikaona naweza kuomba namba nyingine kwenye maombi yaleyale, nikalipa kwa simu usiku huohuo nipo kitandani. Steshenari ya mtaani walitaka elfu 5 wanifanyie eti!