Mboga za kwenye ndoo, Mikindani: kupima mrututu

Mvua zimekatika, tangi la maji ya bati limejaa, na miche ya chainizi imeshatoa jani la tatu. Sasa ndoo za lita 20 zinataka chakula kamili. Naitrojeni, potasiamu na kalsiamu hazina shida, zinapimwa kwa gramu na mizani yoyote inazimudu. Kazi iko kwenye vile virutubisho vinavyotakiwa chembe tu, na safari hii nimeshughulika navyo peke yake.

Nafuata kipimo cha Hoagland na Arnon wa Chuo Kikuu cha California, toleo la 1950: kwa kila lita ya maji, boroni miligramu 0.5, shaba 0.02, molibdeni 0.01. Kwa ndoo ya lita 20, shaba inakuja miligramu 0.4. Shaba naitoa kwenye mrututu, yaani salfeti ya shaba; robo hivi ya uzito wake ndiyo shaba, kwa hiyo ndoo nzima inataka mrututu miligramu 1.6. Mizani yangu ni kama ile ya masonara na inaishia gramu 0.01, yaani miligramu 10. Kiasi ninachokitaka haikioni kabisa.

Dawa yake ni kupima kingi, kisha kuyaachia maji kazi ya kugawa. Nimepima mrututu gramu 1, nikauyeyusha kwenye maji kidogo mpaka punje zote zikaisha, ndipo nikajazia hadi mililita 500. Kila mililita sasa ina mrututu miligramu 2, na ndoo itapata mililita 0.8. Mizani ikipotoka kwa gramu 0.01, hiyo ni asilimia moja tu, na chainizi haitajali.

Silinda ya kupimia isomwe ikiwa juu ya meza iliyonyooka, jicho likiwa usawa wa maji. Uso wa maji ndani ya silinda umebonyea katikati kama kisahani; alama inayosomwa ni ya pale chini kabisa. Ukisoma ukiwa umesimama juu yake, unadanganyika.

Kwa mililita 0.8 natumia bomba la sindano la insulini lililoandikwa U-100. Mililita moja imegawanywa mara 100, hivyo navuta mpaka alama ya 80. Kiputo cha hewa kinakula nafasi ya dawa, basi nageuza bomba juu, nagonga kwa kidole, nasukuma hewa itoke, ndipo nasoma. Bomba lenyewe nililijaribu kwanza: mililita moja ya maji safi ina uzito wa gramu moja karibu kabisa, hata kwa joto la Mtwara. Nilimimina mililita kumi, moja moja, juu ya mizani. Ikisoma 10 au karibu sana na hapo, bomba na mkono vyote vinaaminika.

Molibdeni ni ndogo zaidi: ndoo inataka nusu miligramu ya molibdeti ya sodiamu, chumvi yenye molibdeni. Hapo nimezimua mara mbili. Gramu 1 kwenye mililita 100, kisha mililita 10 za hiyo nikazifikisha tena mililita 100. Chupa ya pili ina miligramu 1 kwa mililita, na nusu mililita inatosha.

Boroni ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, maana kati ya upungufu na sumu pana nafasi finyu. Ikipungua, ncha ya juu inayochipua inakufa. Ikizidi, majani ya zamani yanaungua kingo. Asidi ya boriki gramu 5.7 kwenye mililita 500 za maji ya vuguvugu, halafu mililita 5 kwa ndoo. Manganizi na zinki zimepita njia hiyohiyo.

Maji ya visima vya huku yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na shaba ndani yake huganda na kutuama chini. Kwa chupa hizi nimetumia maji ya betri yale ya kuongezea, si tindikali yake.

Kila chupa ina jina, nguvu kwa mililita na tarehe, na zote zimefungiwa kabatini. Chupa ya soda sitaki hata kuisikia: wapwa zangu wanaingia na kutoka humu ndani, na mrututu una rangi ya bluu ya kuvutia sana.

Ndoo zimeshapata sehemu zao, isipokuwa moja ya pembeni niliyoipa zile mbolea za kupimwa kwa gramu tu, bila hivi vya chembe, ili nilinganishe majani machanga.