Nilivyoidai bima mpaka ikalipa dawa za mamangu

Nianze na hili kwa yeyote aliyekataliwa dawa na bima: usiridhike na jibu la simu. Dai barua, na barua iseme ni kipengele gani cha mkataba walichokitumia kukukatalia. Mimi hilo ndilo lililonivusha.

Mamangu alipata kiharusi kidogo. Mwenyezi Mungu akamsitiri, akarudi kutembea, lakini alitoka hospitali na dawa za kumeza kila siku: amlodipini ya presha, atorvastatini ya mafuta kwenye damu, na klopidogreli ya kuzuia damu isigande. Hizi si dawa za kumeza unapojisikia vibaya. Ukizikatiza kwa sababu pesa zimekwisha, unamweka mgonjwa kwenye hatari ile ile aliyotoka.

Nafanya kazi upande wa bandari, Mombasa, na bima ya kazini inaruhusu kumwandikisha mzazi kwa nyongeza inayokatwa kwenye mshahara. Lakini duka la dawa lilipotuma ombi, lilirudi limekataliwa. Kwenye simu nikaambiwa tu, "Dada, huo ni ugonjwa wa tangu zamani, haulipwi."

Barua ilipokuja ilitaja kipengele cha magonjwa sugu. Nikaomba mkataba mzima kwa wakala wa bima anayehudumia kampuni yetu, maana kijitabu tunachopewa wafanyakazi ni muhtasari. Kumbe kipengele hakikusema kwamba haulipwi! Kilisema magonjwa sugu yaliyotajwa kwenye fomu hulipwa baada ya kusubiri mwaka mmoja, mpaka kiwango fulani cha pesa kwa mwaka. Presha ya mama niliitaja kwenye fomu, na mwaka ulikuwa umepita zamani. Tatizo lilikuwa kadi. Kadi zetu zilibadilishwa, na mfumo wao ukaichukua tarehe ya kadi mpya kuwa ndiyo siku mama alipoingia kwenye bima.

Nikaiandikia kampuni ya bima barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha nakala ya fomu ya mwanzo, hati za mshahara zenye makato ya mama, na barua ya daktari. Daktari nilimwomba asiishie kutaja ugonjwa, bali aeleze kila dawa inafanya kazi gani na mgonjwa atapatwa na nini akiikosa. Nakala nikampa afisa wa wafanyakazi kazini, na nikawaandikia wazi kwamba nisipojibiwa nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Walilipa, na pesa nilizokuwa nimetoa mfukoni nikarudishiwa kwa kuonyesha risiti. Hata hivyo hasira hazikuniisha. Mzee asiye na mtu wa kumfuatilia karatasi hizi, angefanya nini?

Kiwango chenyewe cha magonjwa sugu ni kidogo, na dawa zenye majina makubwa zingekimaliza kabla mwaka haujafika nusu. Hapo alinisaidia mfamasia mmoja wa Mwembe Tayari. Aliweka paketi mbili juu ya meza, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo chini ya jina kubwa. "Soma hapa, dadangu, halafu soma na hapa." Zote mbili atorvastatini, miligramu zile zile, ila ya pili ilikuwa jeneriki, yaani dawa ile ile isiyobeba jina la kampuni iliyoitunga, kutoka India na bei yake haikufika hata robo. Nilirudi kwa daktari kwanza. Akakubali, akaandika upya karatasi ya dawa kwa jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni. Jeneriki iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, inayouzwa kwenye duka lenye leseni, mimi naiamini. Dawa za kupimiwa barabarani siziamini hata kwa bure.

Vidonge vya presha siku hizi mama huvichukua zahanati ya karibu na nyumbani kwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ambayo hunikata asilimia 2.75 ya mshahara. Vikikosekana huko, ndipo tunanunua. Kwa njia hiyo pesa za bima ya kazini tunaziachia klopidogreli, na kabla ya bima kuhuishwa tena nimeshamwomba wakala anithibitishie kwa maandishi tarehe halisi ya mama kuingia.