RS Ophiuchi ilipolipuka juu ya utosi wa Kigamboni

Mnaoniuliza kwa nini bado naifuatilia nyota isiyoonekana, jibu ni Agosti 2021.

RS Ophiuchi iko kwenye kundinyota la Hawaa, jirani na Nge. Kwa sisi wa Dar inapita juu ya utosi kabisa, na mwezi wa nane hufika hapo mnamo saa tatu usiku. Siku zote ni hafifu, hata darubini yangu ndogo ya macho mawili haiipati. Ila hulipuka, ikatulia, ikalipuka tena: 1933, 1958, 1967, 1985, 2006, halafu 2021.

Pale zipo nyota mbili. Moja ni jitu jekundu, nyota iliyovimba, linalovujisha gesi. Ya pili ni kibete cheupe, kiini cha nyota iliyozimika: uzito unaozidi wa Jua uliobanwa kwenye umbo kama la Dunia. Hidrojeni ya jitu hurundikana juu ya kibete hadi mgandamizo na joto vikizidi, basi inawaka yote kwa mpigo. Kibete hakifi, kinaanza kukusanya upya. Mlipuko wa aina hii huitwa nova, na nova nyingi huchukua maelfu ya miaka kurudia. Hii ina haraka kwa sababu kibete chake ni kizito mno, karibu kinagusa kikomo cha uzito wa vibete, mara 1.4 ya Jua. Na kikivuka hapo? Wataalamu bado wanabishana.

Habari zilienea usiku wa Agosti 8, na walioiwahi ni watu wa kawaida wenye darubini zao, Ireland na Brazil. Kesho yake nikapanda juu ya slabu, nikatandika mkeka katikati ya nondo zilizochomoza (nyumba bado haijaisha, msinicheke), nikalala chali. Kitu kikiwa utosini, kusimama ni kujivunja shingo. Mwezi ulikuwa mwandamo, kusi imefagia mawingu. Nikaanza na nyota ya Nu ya Hawaa, mwangaza 3.3 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), nikahamia Mu, 4.6. Na pale ambapo ramani yangu haina nyota ya kuonekana kwa macho matupu, ipo! Hafifu kuliko Mu kwa kiasi kidogo tu. Nikaandika 4.7.

Ilikuwa na wekundu, na wekundu una hila: ukiikodolea macho, inazidi kung'aa machoni mwako. Kwa hiyo unatupa jicho mara moja, unahamia nyota ya kulinganisha, unarudi.

Haikudumu. Baada ya wiki hivi ilihitaji darubini. Kumbe wakati huohuo mabaki ya mlipuko yalikuwa yanaugonga upepo mzito wa lile jitu, yaani gesi linayovujisha, na darubini za H.E.S.S. kule Namibia zikanasa miale ya gama, mwanga usioonekana kwa macho, yenye nishati kubwa mno, mara ya kwanza kwa nova yoyote.

Siku hizi naandika “haionekani”, pamoja na namba ya nyota hafifu kuliko zote ninazoziona jirani yake. AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika, wanapokea hata hiyo. Mlipuko ukija, mtu atataka kujua ilikuwaje jana yake.