Usimwage

Juzi baada ya kufuturu mwanangu wa pili alikuwa anaosha vyombo, akachukua jagi la juisi ya rozela, imebaki kama nusu hivi, akaliinamisha kwenye sinki. Nikapiga kelele, "Usimwage!" Yani sauti iliyonitoka hata mimi niliishangaa, mtoto kaliachia jagi likagonga bomba, baba yake akaja mbio kutoka sebuleni akidhani kuna mtu kaungua. Mi nimesimama tu naangalia ile rangi nyekundu inavyoteremka kwenye sinki jeupe, na sikuwa jikoni tena, nilikuwa maabara, 2017, nimeshika chupa ya yule mama.

Ndo kwanza nilikuwa nimeingia kwenye ule mradi wa mapafu. Tulikuwa tunafuatilia watu walioanzishiwa dawa za TB wakati makohozi yao hayajawahi kuonyesha mdudu, ile mashine ya kupima TB, GeneXpert, haijaona kitu, ila mtu anakohoa, anakonda, eksirei ina kivuli, na kwetu mtu akiwa hivyo anapewa dawa za TB. Silaumu, TB tunaishi nayo na inaua, ukisema usubiri uthibitisho wa kila mtu utazika wengi. Lakini saratani ya mapafu nayo inajificha kwenye kivuli hichohicho. Mtu anameza vidonge mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne, mkojo umekuwa rangi ya chungwa kwa ile rifampisini, kikohozi kiko palepale.

Yule mama alikuwa mwezi wa tano. Miaka 49, mkaanga samaki pale soko la Feri, Dar, hajawahi kuvuta sigara hata moja maishani mwake ila moshi wa kuni ameuvuta miaka zaidi ya ishirini, na mikono yake kuanzia kwenye viwiko mpaka vidoleni ina vidoadoa vya mafuta ya moto. Maji yalikuwa yamejaa upande wa kulia wa kifua, usiku analala amekaa, ameegemea ukuta. Daktari akamchoma mgongoni akatoa lita moja na nusu. Rangi yake rozela kabisa.

Fomu ya mradi ilisema mililita 50 zinatosha. Nikachukua 50 zangu nikaandika namba, yaliyobaki nikatia klorini, nikayamwaga kwenye sinki, nikafungulia maji, nikaosha chupa. Nakumbuka nilijisikia vizuri, kazi safi, meza safi.

Slaidi ya kwanza ikasema adenokasinoma, aina mojawapo ya saratani. Kile kidogo nilichospini, yani nilichozungusha kwenye mashine mpaka seli zikatulia chini, tukakitengenezea kibloku cha nta, tukakata vipande vyembamba, kimoja cha rangi ya kawaida, kingine cha kuhakikisha saratani imeanzia kwenye pafu lenyewe na si kwamba imetoka sehemu nyingine, kingine, kingine tena, na tulipomaliza kujua ni ugonjwa gani kibloku kilikuwa kimebaki nta tupu. Hapo ndo daktari wa mradi akasema huyu mama apimwe jeni la EGFR. Si unajua, mwaka 2004 watafiti wa Boston na New York walionyesha kwamba kuna wagonjwa wa saratani hii ambao seli zao zina hitilafu kwenye hilo jeni, na hao ndo walewale ambao kidonge cha gefitinibu kinawapunguzia uvimbe, na hitilafu yenyewe unaikuta zaidi kwa wasiovuta sigara, zaidi kwa wanawake. Yani ni kama walikuwa wanamzungumzia yule mama. Ila kupima unahitaji seli, na seli zake mi nilishazipeleka kwenye bomba la maji machafu.

Zilipita wiki tatu kabla hatujarudi kwake. Matokeo yenyewe, kikao, saini, kutafuta simu ya mwanae. Nikatumwa mimi nikamwombe achomwe tena.

Alikuwa amekaa kitandani miguu inaning'inia, khanga imefungwa kifuani, mwanae kasimama pembeni na chupa ya uji. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, kwa pumzi fupi fupi. Daktari alishamwambia jana yake kwamba si TB, na yeye alijibu neno moja tu, "Ocean Road." Ile hospitali ya saratani; watu wa Dar mnajua hilo neno lina nini ndani yake. Amepita pale ufukweni na ndoo za samaki miaka yote hiyo. Mi nikaanza kueleza habari ya kipimo, kwamba kuna aina ya dawa ya vidonge, kwamba inabidi tujue kwanza kama ugonjwa wake ni wa aina inayosikia hiyo dawa, kwamba tunahitaji maji mengine. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza,

"Yale ya kwanza mliyapeleka wapi?"

Ningeweza kusema yalikwisha kwenye vipimo, na lisingekuwa uongo mtupu. Mwanae alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Nilichukua kidogo mama, mengine nikayamwaga."

"Yote yale?"

"Yote."

Akaangalia mikono yake. Feni ya pale wodini ilikuwa na mlio, kila ikizunguka inagonga kitu, tak, tak, na nilihesabu kama mara kumi hivi hajasema neno. Mi machozi yameshafika. Kisha akasema, taratibu tu, hana hata hasira, "Mimi mafuta simwagi mpaka nihakikishe samaki wameisha." Akageuka, akaishusha khanga mpaka kiunoni, akatupa mgongo. Ile alama ya plasta ya wiki tatu nyuma bado ilikuwepo, kijimraba cha ngozi nyeupe kidogo na nukta katikati. "Haya," akasema, "chomeni."

Daktari akachoma chini kidogo ya ile nukta. Mi nilimshika mabega kwa mbele, paji lake la uso liko kwenye koti langu, na kila alipovuta pumzi nilikuwa nasikia yale maji yanaingia kwenye chupa pale chini. Hakulia. Alininong'oneza, "Yasimwagike."

Nilibeba chupa nzima. Nilipanda nayo ngazi nimeikumbatia kama mtoto, nikaispini yote, tyubu baada ya tyubu, mpaka saa mbili usiku, na kile kilichotulia chini kilikuwa kinene kama kidole.

Mengine yalienda haraka, au ndo ninavyoyakumbuka. Kibloku kikapata kibali kikasafirishwa nje, jibu likarudi: hitilafu ipo, kwenye kile kipande cha jeni kinachoitwa eksoni 19. Dawa za TB zikasimamishwa, na isingewezekana kuziendeleza maana rifampisini inaishusha sana gefitinibu kwenye damu. Mtoto wa dada yake aliyeko Muscat akatuma hela, vidonge vikatoka India, miligramu 250, kimoja kwa siku. Uso ukajaa vipele, tumbo likaharisha, na ndani ya mwezi yule mama akawa analala chali. Mwanae alinipigia simu kunambia hilo tu, kwamba mama jana kalala chali mpaka asubuhi. Alirudi Feri, hakukaanga, alikuwa anakaa anapokea hela. Alipata kama mwaka mmoja hivi, kisha maji yakarudi.

Watu wananiuliza kwa nini hatuwapimi watu mapema kwa CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za kifua tabaka kwa tabaka. Ule utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011, watu zaidi ya 53,000, ulionyesha CT ya mionzi kidogo inapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, na mi naamini itakuja kutufaa hata sisi. Ila waliopimwa kule walikuwa wavuta sigara, au waliowahi kuvuta, wa miaka 55 mpaka 74. Yule mama hakuna ambaye angemwita. Yeye alichokuwa nacho ni yale maji, na aliyapata mtu kama mimi.

Zile wiki tatu nimezifikiria sana. Pengine zisingebadilisha kitu, kidonge kingeanza mapema kidogo, ugonjwa ungekizoea mapema kidogo, mwisho ungekuwa uleule. Daktari wa mradi alinambia hivyo na alikuwa anamaanisha. Lakini kwa mtu anayelala amekaa ameegemea ukuta, wiki tatu ni usiku ishirini na moja, na hapo sina jibu.

Sasa hivi mimi ndo naandika fomu za mradi, na ile mililita 50 niliifuta kwa mkono wangu. Friji yetu imejaa chupa mpaka vijana wananilalamikia.

Mtoto aliniuliza kwani ile juisi ilikuwa ya nani. Nikamwambia nitakueleza. Bado sijamweleza.